Lami Yenye Uzoefu

Ndugu zangu, nimesikia redioni kwamba natafutwa. Msomaji wa taarifa, kwa sauti ileile nzuri anayotangazia misiba, amesema Fundi Sanifu Daraja la Pili, Mahundi Lusasi, ametoweka kituoni kwake siku ya ufunguzi wa barabara ya taifa, na kwamba atakayemwona asimkaribie, bali atoe taarifa. Mahundi Lusasi ndiye mimi. Kutafutwa hakukuniudhi. Mtu aliyekaa miaka minne mahali ambapo hata mbwa hapiti, akisikia anatafutwa, anashukuru. Kilichoniudhi ni hilo neno kutoweka. Mtumishi wa umma hatoweki. Mimi nilitembea, mchana kweupe, katikati ya barabara, na nitawaeleza sababu yake ili muone kwamba serikali haina kosa.

Kwa asiyeijua nchi yetu, ni nchi nzuri sana na ina lami. Sikusema lami nyingi. Ina lami ya kutosha barabara moja na kidogo, iliyomwagwa zamani, kabla watu hawajaanza kufikiri. Nchi nyingine zikitaka barabara hununua lami mpya, hutandika, hujisifu. Sisi tunafikiri kwanza. Waziri wetu wa Njia na Mwendo, Mheshimiwa Bi. Theofrida Mkomwa, ndiye aliyegundua kwamba lami mpya ina kasoro kubwa ambayo wataalamu wa dunia nzima wameinyamazia. Alisema hivi uwanjani, nami nilikuwepo:

"Ndugu wananchi, kijana akiomba kazi tunamwuliza ana uzoefu wa miaka mingapi. Je, lami tunaiuliza? Tunaichukua mbichi, haijakanyagwa na gari hata moja, tunaikabidhi barabara ya taifa. Kuanzia leo, lami isiyo na uzoefu wa miaka ishirini isiajiriwe popote katika nchi hii."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Basi ikatoka Sera ya Lami Yenye Uzoefu. Palipo na barabara ya zamani, lami yake inakwanguliwa, inapondwa, inapashwa moto, inatandikwa mahali pengine na kuitwa barabara mpya. Kurejeleza lami si jambo baya, mimi mwenyewe nililisomea chuoni. Ila tulifundishwa kwamba lami kongwe ni ngumu, kweli, lakini imekauka. Haijui kupinda tena, na uzito ukiizidi haitoi dalili, inapasuka tu. Ndiyo sababu huchanganywa na lami mbichi kiasi, ipate ulaini. Niliyaandika hayo kwenye barua ya kurasa tatu. Nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba kuchanganya wazoefu na wasio na uzoefu ni kuwavunja moyo wazoefu.

Barua hiyo ndiyo iliyonipatia cheo. Nilipelekwa kuwa Mkuu wa Kituo cha Kupima Uimara wa Lami, Kilomita ya Tisini, magharibi ya Mji Mkuu. Msiniulize Kilomita ya Tisini pana nini. Hapana kitu. Barabara mpya ilikuwa inakuja kutokea Mji Mkuu, na ilionekana si heshima barabara ya taifa ifike mahali pasipo na mwenyeji wa kuipokea. Kwa hiyo kituo kikajengwa kwanza, vyumba viwili kwenye tambarare ya nyasi kavu, kikubwa cha mashine na kidogo changu. Nilikuwa mkuu, fundi, mlinzi na mhudumu. Kila asubuhi nilifika mezani, nikajiripoti, nikatia sahihi daftari la mahudhurio, kisha nikazunguka upande wa pili wa meza nikajipokea.

Upweke wa pale, jamani, sikuuzoea. Wanaosema mtu huzoea hawajawahi kukaa hivyo. Nilikuwa naisalimia mashine, na nilipochelewa kuisalimia niliiomba radhi. Jumapili nilicheza bao, mkono wa kulia na wa kushoto, na wa kushoto ulinifunga mara nyingi kwa sababu ulikuwa hauna mawazo. Lori la lami lilipoleta maji na unga, mara moja kwa mwezi au miezi miwili, nilimshikilia dereva wake, Mzee Pazi, kwa chai na maswali mpaka akaanza kujifanya ana haraka. Alikuwa mtu wa maneno mengi, ila jambo moja hakuligusa, nalo ni mahali alikoitoa hiyo lami. Chanzo cha lami kilikuwa siri ya taifa. Malori yalikuja yamefunikwa turubai kutoka upande wa Mji Mkuu, na sisi watumishi wadogo tulijua wajibu wetu ni kutojua.

Na nina mke. Anaitwa Sikudhani, yuko Mtogolani, mashariki kabisa, kilomita mia na kumi upande wa pili wa Mji Mkuu. Zamani basi lilitoka Mtogolani hadi Mji Mkuu kila siku. Lilisimamishwa, ili lisubiri barabara yetu ikamilike, kisha lianze safari moja ndefu kutoka Mtogolani mpaka Kilomita ya Tisini bila aibu ya kugeuzia njiani. Tulipoagana, Sikudhani aliniambia kwamba siku basi litakapofika mlangoni pangu, yeye atakuwa ndani yake na godoro lake litakuwa juu. Nikamwambia ni mwezi ujao, kama nilivyoambiwa mimi. Tangu hapo, katika kila barua niliyompa Mzee Pazi aitie posta ya Mji Mkuu, niliandika mwezi ujao. Sikumdanganya. Kila mara nilikuwa nimeambiwa hivyo na wakubwa.

Mtaniuliza, likizo je? Niliomba. Mara nne fundi wa kituo aliandika ombi la likizo kwenda kwa mkuu wa kituo, na mara nne mkuu wa kituo alilazimika kulikataa, kwa kuwa hapakuwa na wa kumshikia nafasi. Nililikataa kwa lugha ya upole, nikamtia moyo avumilie. Mara ya nne niliona ametia chumvi kuhusu hali ya familia yake, nikamwonya.

*

Sasa niwaeleze tunavyopima. Kwingine, nimesoma, fundi hutoboa barabara akatoa kipande cha mviringo, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, akakiweka kwenye mashine na kukibana mpaka kivunjike. Alama ambayo kimevunjikia ndiyo huandikwa kuwa uimara wake. Kwetu kuna ustaarabu zaidi. Mashine yetu ni ya mkono, ina mpini kama wa jeki ya lori, na ni desturi kwamba mpini wa kipimo cha taifa hushikwa na mgeni rasmi. Tena ni desturi, na hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua, kwamba mbele ya mgeni rasmi hakivunjiki kitu, iwe glasi, iwe kiti, iwe lami. Kwa hiyo mgeni rasmi husukuma mpini mpaka achoke, bendi inapiga, na pale mshale uliposimama wakati amechoka ndipo panapoandikwa kuwa ndio uimara wa lami.

Sheria inataka alama kumi na mbili. Mgeni wa kwanza, mkuu wa mkoa mmoja mwenye mwili, alifika nane ndipo jasho likamtoka. Ikaonekana ni haki kujumlisha na miaka yake minne ya utumishi, ikawa kumi na mbili kamili. Mwaka uliofuata alikuja jaji mstaafu, mzee wa watu, mikono inatetemeka, akafika mbili. Lakini alikuwa amekaa mahakamani miaka thelathini na mitatu. Lami ile ya alama thelathini na tano ndiyo iliyo imara kuliko zote duniani, na kipande chake kiko makumbusho kwenye sanduku la kioo.

Baada ya bendi, mimi hutia sahihi. Bila sahihi ya fundi hakuna lori linaloondoka, maana sisi ni nchi ya sheria. Kila sahihi iliruhusu kilomita kumi za lami ziletwe. Kisha wageni hupanda magari, viti hukunjwa, na vumbi likitua nabaki mimi na mashine. Hapo ndipo nilipokuwa nafunga mlango na kukimalizia kipimo peke yangu. Vipande vilikuwa vinapasuka kwenye alama ya tano. Mara nyingine ya nne na nusu, kwa mlio mkavu kama wa biskuti. Niliyaandika majibu hayo kwenye daftari la shule na kulilaza chini ya godoro, maana nilitaka pawe na kitu kimoja cha kweli katika kazi yangu.

Sasa mtasema, Mahundi, ulijua, na ukatia sahihi. Nilitia. Sitajificha nyuma ya mtu. Nilitia sahihi mara kumi kwa sababu nilitaka mke wangu aje. Nilijiambia barabara hata ikiwa ya biskuti, basi moja litapita mara moja, na likishapita mara moja mimi sina haja nalo tena.

*

Barabara ilipofika Kilomita ya Themanini, mkuu wangu wa Mji Mkuu, Mhandisi Mkuu Lubaga, alipiga simu ya kituo. Simu ile ilikuwa ya kupokelea maagizo tu. Ukijaribu kupiga wewe, inakata. Akaniarifu kwamba kipimo cha kumi na moja kitakuwa cha mwisho, cha kufungulia kilomita kumi zilizobaki hadi mlangoni pangu, na kwamba mgeni rasmi ni Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Nilikaa chini kwa furaha. Mwezi ujao ulikuwa umefika kweli. Nikafagia chumba changu, nikakata nyasi mlangoni, nikapima kwa kamba kama godoro la pili litaingia.

Siku tatu baadaye Mzee Pazi aliniletea kipande cha kupimwa. Alipokuwa anakunywa chai nje, mimi nilikisawazisha ncha kwa msumeno, nikakiosha kwa maji. Kwa kawaida sikuwa navitazama sana vipande vile. Siku hiyo, kwa furaha, nikakitazama, nikaona mawe ndani yake ni mekundu yenye mshipa mweupe.

Mawe hayo hayapatikani popote ila mlima Kingole, pale Mtogolani. Barabara ya Mtogolani ilipojengwa, miaka ishirini na miwili iliyopita, kokoto zake zilipondwa kwa nyundo na wanawake wa mji ule, nami nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo, nina chekeche, kazi yangu kukataa mafungu yenye mawe makubwa. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye fungu lake nililikataa asubuhi, akaondoka nalo, akarudi nalo mchana lilelile, nikalikataa, akaondoka, jioni akarudi nalo tena. Hakuwa amelipunguza hata jiwe moja. Nikalipitisha. Huyo ndiye Sikudhani, na sitaki mtu aniambie kwamba huo ndio ulikuwa mwanzo wa kupitisha kwangu vitu visivyostahili, maana nimeshajiambia mwenyewe.

Nilitoka nje na kile kipande mkononi, kinadondosha maji. Nikamwuliza Mzee Pazi, hii lami inatoka wapi? Akaweka kikombe chini. Akatazama turubai la lori lake, akatazama mashine kupitia mlangoni, kisha akanitazama mimi.

"Fundi, wewe ndiye unayetia sahihi," alisema. "Sisi siku zote tulidhani unajua."

Basi akanieleza. Lami yote, tangu kipimo cha kwanza, ilikuwa inakwanguliwa barabara ya Mtogolani. Walianzia upande wa Mji Mkuu, wakawa wanarudi nyuma kuelekea mashariki. Sahihi kumi, kilomita mia moja. Barabara mpya ilikuwa na themanini tu kwa sababu ishirini, kwa mujibu wa ripoti, zilichoka njiani. Sasa zilibaki kumi za mwisho, zile zinazopanda mlima Kingole na kuingia mjini. Huko bondeni walikokwangua, gari lilikuwa bado linaweza kupita kwenye udongo wakati wa kiangazi. Mlimani sivyo. Udongo wa Kingole ukilowa, hata mbuzi hateremki. Zikiondoka hizo kumi, basi halitoki Mtogolani kamwe.

Nilimwuliza kama amewahi kumwona Sikudhani. Akasema mama mmoja hukaa barazani kando ya njia, amewauliza mara mbili kama wanamjua fundi wa kituo huko magharibi, nao wakajibu hawajui, kwa sababu ya siri ya taifa. Niliona aibu, sikumpa barua siku hiyo.

*

Nilikuwa na wiki moja ya kufikiri, na hapakuwa na mtu wa kufikiri naye. Nikitia sahihi, nimemaliza kumfungia mke wangu huko. Nikikataa kutia, wataleta fundi mwingine mwenye mkono mwepesi. Njia ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba kipande kivunjike mbele ya macho ya watu, kipimo kishindwe, kazi isimame. Hata kumdanganya mtu hapakuwa na haja. Kilichotakiwa ni mashine iachwe ifanye kazi yake mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya taifa letu.

Siku yenyewe Mheshimiwa Bi. Mkomwa alishuka na magari kumi na manne, akiwa amevaa kofia ngumu iliyonakshiwa kando. Akahutubia. Alisema lami hii imetumikia taifa upande mmoja wa nchi bila kulalamika na sasa inapewa nafasi ya kutumikia upande mwingine, na kwamba angependa watumishi wote wawe kama lami. Kisha akashika mpini. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyomdhania. Mshale ukafika tatu, ukafika nne, bendi ikajiandaa, naye akaanza kulegea. Mhandisi Lubaga akainua mkono kuashiria makofi.

Hapo nikaweka mkono wangu juu ya mpini, kando ya mkono wa Waziri, nikamwambia kwa heshima zote, Mheshimiwa, bado kidogo. Nikasukuma. Sikuwa nimegusa mkono wa mtu kwa miaka minne, na hata katika hali ile nililihisi hilo. Tukasukuma pamoja, mshale ukapita nne na nusu. Kipande kikapasuka katikati, mlio ukasikika mpaka kwa wapiga bendi, na nusu moja ikaanguka ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Mheshimiwa.

Niliona watu wanatazama chini, kila mmoja akitafuta namna ya kuwa hakuwepo. Nami nilijisikia vizuri, nawaambia kweli. Nilifikiri, sasa wameona wote, hawawezi kusema hawakuona.

Mhandisi Lubaga alikuja mbele taratibu. Ni mtu mwenye elimu kubwa. Akaiokota ile nusu, akaiinua juu kwa mikono miwili, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa uzalendo.

"Ndugu wananchi, lami hii imeshinda majaji na wakuu wa mikoa. Leo imekutana na mkono wa Mheshimiwa Waziri. Nani kati yetu angebaki mzima?"

Makofi yaliyopigwa siku hiyo sijawahi kuyasikia. Mheshimiwa alitazama kiganja chake, akakitazama tena, na nadhani aliamini. Bendi ikapiga wimbo wake mrefu kuliko zote. Magazeti baadaye yaliandika kwamba nchi yetu ndiyo pekee yenye waziri aliye imara kuliko barabara zake.

Wageni walipokuwa wanapanda magari, Mhandisi Lubaga alinivuta kando. Nilidhani ananifukuza kazi, na nilikuwa tayari. Alinishika bega kama kaka. Akaniambia nimefanya la maana sana, maana kwa kanuni ya kumi na nne, kipande kikivunjika mikononi mwa kiongozi, hiyo ni dharura ya kitaifa, na lami ya akiba huletwa mara moja kutoka chanzo chake bila kusubiri sahihi ya fundi. Kwa miaka minne, akasema, sahihi yangu ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinawachelewesha.

*

Walizikwangua zile kilomita kumi kwa siku tisa. Mzee Pazi alikuja na lori la mwisho, mvua za kwanza zikiwa tayari zinaonekana mashariki. Hakukubali chai. Alisimama kando ya lori kofia mkononi, nikajua ana jambo.

Alisema mke wangu alikuwepo. Alileta kiti akakaa barazani, akawatazama tangu walipoanza mpaka walipomaliza mbele ya mlango wake. Safari hii Mzee Pazi aliivunja siri ya taifa, akamwambia kwamba yeye anamjua mumewe, tena ndiye mpimaji, na akamwuliza ampelekee salamu gani.

"Akasema nikuulize hivi," alisema Mzee Pazi, akitazama chini. "Mtu akiambiwa mwezi ujao mara ngapi ndipo huvunjika? Akasema wewe ndiye mpimaji, utajua."

Nilikaa kwenye ngazi ya lori. Nikamwomba anisubiri niandike jibu. Akasema hawezi kulipeleka. Lori lake lilikuwa la mwisho kushuka Kingole, na lilishuka kwa kuserereka. Gari halitapanda tena kule. Aliniambia pole, akanipa mkono, akaenda zake.

Nikaandika jibu hata hivyo. Niliandika kurasa tano, nikaeleza kuhusu kanuni ya kumi na nne, kuhusu daftari chini ya godoro, kuhusu siri ya taifa. Nikazisoma kwa sauti. Zilikuwa zinafanana na hotuba za Mheshimiwa. Nikazichana zote.

Wiki ya ufunguzi ikafika. Walinijengea jukwaa, wakaninyooshea utepe mlangoni, wakaniletea sare mpya ya kumpokelea Mtukufu Rais, kisha mafundi wa jukwaa wakarudi Mji Mkuu kuwa kwenye msafara. Asubuhi ya siku yenyewe niliamka, nikajiripoti, nikaandika ombi la likizo. Mkuu wa kituo akalisoma. Hakukuwa na sababu mpya ndani yake, wala wa kushika nafasi. Akalikubali. Nikavaa viatu, nikapita chini ya utepe bila kuukata, nikaanza kutembea kuelekea mashariki.

Mimi ndiye mtu wa kwanza kuitumia barabara ya taifa. Mchana nilikutana na msafara wa Rais ukija. Nikasimama kando, kama inavyotakiwa. Yalipita magari sitini na mbili, na chini ya kila gari nilisikia lami ikilia mlio uleule wa biskuti. Dirisha moja lilikuwa wazi, na Mtukufu Rais akanipungia mkono. Nikampungia. Usiku ule redio ilisema wananchi wenye furaha walijipanga kando ya barabara yote kumlaki kiongozi wao. Wananchi hao nilikuwa mimi.

Nilitembea siku nane. Mji Mkuu nilipita bila mtu kuniuliza kitu, maana nilikuwa nimevaa sare. Baada ya hapo ikaanza barabara ya Mtogolani, au pale ilipokuwa. Ni kama kitanda kilichoondolewa godoro. Alama za mwendo bado zimesimama pembeni, zikikuonya upunguze kasi. Kila nilipopita alama ya kilomita kumi nilijua hiyo ni sahihi yangu ipi, na siku hiyo mgeni rasmi alikuwa nani. Mlima Kingole niliupanda kwenye mvua kwa mikono na magoti, na nikafika Mtogolani nimejaa udongo mwekundu mpaka masikioni.

Sikudhani alikuwa barazani anachambua mchicha. Nywele zake zimeingia mvi upande mmoja, hakuna aliyeniambia. Nilisimama uani. Zamani alikuwa akiniita mwenzangu. Alinitazama, akaweka ungo chini, akainuka.

"Karibu, mgeni," alisema.

Alinipa kiti kizuri, chenye mgongo. Alinichotea maji ya kuoga ya moto. Akaniuliza habari za safari, za huko nitokako, za mvua, kwa adabu kabisa, kama mtu anavyomwuliza mtu wa mbali. Wali ulipikwa, kuku akachinjwa, nikapewa sahani yenye maua ambayo hatukuwa tunaitumia. Jioni akanitandikia sebuleni, akanitakia usiku mwema, akaingia chumbani akafunga mlango. Sikulalamika. Nilijiambia ndivyo inavyostahili, mtu hurudi nyumbani kwa utaratibu wake.

Nyote mnajua ilivyo desturi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo siku ya kwanza nilikula nikashukuru, ya pili nikala nikashukuru. Siku ya tatu niliamka kabla ya jogoo, nikavaa suruali ya kazi, nikakaa karibu na mlango wa nyuma, pale majembe yanapoegemea. Yako mawili. La pili ni langu, mpini wake niliuchonga mwenyewe. Nilisubiri kama mwanafunzi anayesubiri majibu.

Sikudhani alitoka amefunga kanga kiunoni. Alichukua jembe moja, akaliweka begani. Nikainuka, nikanyoosha mkono kuchukua la pili. Akaniambia kwa upole nisijisumbue, nipumzike, chakula changu cha mchana kiko mezani. Akaenda shamba, nami nikabaki nimesimama mlangoni mpaka alipopotea kwenye kona.

Leo ni siku ya sita. Chakula ni kizuri, kimefunikwa kwa kawa. Jembe sijapewa.